Ni Nani Aliyetenda Dhambi?

Mtu akishindwa kumeza ugali, kisha uji, mwisho hata maji, watu huulizana: ni laana ya ukoo gani hii? Wengine hutaja uchawi. Wengine, nao ni Wakristo, husema Mungu amemlipa. Neno hili lataka kupimwa, maana asemwaye yu hai bado, naye asikia.

Tazameni habari za Wajapani. Katika nchi yao saratani ya tumbo ilikuwa nyingi mno. Wengi walihamia visiwa vya Hawaii kulima miwa, na matabibu wakaona ya kuwa watoto wao waliozaliwa huko waliugua kwa uchache kuliko wazazi. Damu ni ile ile. Kilichobadilika ni chakula, na jinsi ya kukiweka, hasa samaki na mboga za kutiwa chumvi nyingi. Tena viko vijidudu viitwavyo Helikobakta, vilivyotangazwa mwaka 1994 kuwa chanzo cha saratani hiyo. Huko Marekani, katika miaka ya 1930, saratani ya tumbo iliua watu wengi mno, kisha ikapungua sana majokofu na vyakula vibichi vilipoenea; wala si kwamba Wamarekani walizidi kutubu. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula, nayo iligeuka huko: namna iletwayo na tumbaku na pombe ikapungua, hata kwa watu weusi walioumizwa nayo zaidi, namna ifuatayo unene na kiungulia ikaongezeka kwa wanaume weupe tangu miaka ya 1970.

Basi ukoo haukulaaniwa. Lakini hapa pana mtego wa pili. Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema kinywaji kinachozidi nyuzi 65 za joto yamkini huleta saratani ya umio, nasi wa Afrika Mashariki tunaugua sana ugonjwa huo. Sasa yuko atakayemwambia mgonjwa, “Ni chai yako!” Huyu amebadili jina la laana tu. Chai ile ya moto alifundishwa na mama yake, nasi wachungaji twaipokea kila nyumba kama heshima. Wanafunzi walipouliza habari za yule kipofu, katika Yohana sura ya 9, Bwana hakuwatajia mkosaji.

Maarifa haya ni ya watoto wanaoketi mekoni sasa. Kikombe chao na kipoe kwanza. Kwa yule ambaye chakula kimeanza kumkwama kooni, kazi yetu ni kutafuta nauli ya hospitali juma hili hili, kabla wazee hawajaitwa.