Ramadhani, siku ya 12: Figo hazifungi



Jana baada ya Alasiri dada mmoja alinitumia picha ya bahasha ya dawa. Imeandikwa: amoksilini 500 mg, 1×3, siku 7. Akauliza: "Ustadh, nikimeza moja wakati wa kufuturu, moja baada ya tarawehe na moja daku, si zimetimia tatu?"

Zimetimia, ndiyo. Ila kazi haijatimia. Najua, kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya hivyohivyo miaka miwili iliyopita, kifua kiliponibana. Siku ya nne homa ikapanda, tarawehe akasalisha mwenzangu. Niliporudi kwa daktari akaniuliza saa nilizomeza. Nikamtajia. Akatikisa kichwa, akachukua karatasi akanichorea.

Ile 1×3 maana yake ni kila baada ya saa 8. Sababu ndiyo hii. Ukimeza kidonge, kinayeyuka tumboni, dawa inanyonywa kwenye utumbo mwembamba na kuingia kwenye damu. Ndani ya saa moja hadi mbili inafika kiwango chake cha juu. Damu inaisambaza mpaka mapafuni, masikioni, popote walipo wale bakteria. Hapohapo figo nazo zinaanza kuichuja na kuitoa kwenye mkojo. Kwa mtu mwenye figo nzima, kila saa moja hivi inapopita, nusu ya amoksilini iliyobaki kwenye damu inaondoka. Tupige hesabu kama darasani: saa ya kwanza inabaki nusu, ya pili robo, ya tatu thumuni.

Sasa kutoka daku mpaka futari ni zaidi ya saa 13. Muda mwingi wa mchana damu yako haina dawa ya kutosha, na bakteria waliobaki wanapata nafasi ya kuongezeka upya. Na usiseme, "basi nitameza mbili kwa pamoja." Ukiongeza dozi mara mbili, umejiongezea kama saa moja tu, kwa hesabu ileile ya nusu. Dawa hii haishindi kwa wingi wa mara moja. Inashinda kwa kukaa muda wa kutosha. Figo zetu zinachuja kama lita 180 kwa siku, Ramadhani na Shaaban ni sawa kwake. Sisi tunafunga, zenyewe hazifungi. Subhanallah, ni rehema ya Allah hiyo, maana zingepumzika tungekufa kwa sumu.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, mwambie daktari mapema kwamba umefunga. Dawa si zote zinatoka haraka. Azithromaisini, kwa mfano, inajikusanya ndani ya nyama za mwili na kutoka polepole kwa siku kadhaa, ndiyo maana humezwa mara moja kwa siku. Lakini si kila ugonjwa unatibika kwa hiyo. Anayechagua ni daktari, si wewe wala mimi imamu wako. Na kama umepewa siprofloksasini, usiimeze pamoja na maziwa ya daku. Chokaa ya maziwa inaishika tumboni, isinyonywe vizuri.

Pili, akikwambia hakuna badala, ni lazima umeze na mchana, basi kula, umeze dawa yako, utalipa baadaye. Ruhusa hiyo hakuitoa daktari. Ameitoa Allah katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185. Na Mtume (s.a.w.) alipomkuta Abdullah bin Amr akifunga kila siku, alimkumbusha kwamba mwili wake nao una haki juu yake.

Tatu, usiache dozi katikati kwa kuwa umepata nafuu. Maliza kama ulivyoandikiwa. Bakteria wanaoponea kwenye dozi za kurukaruka ndio wanaozoea dawa, na kesho wanamwingia mtoto wako au jirani yako wa safu ya swala. Hapo si mwili wako tu tena, ni haki za watu.

Nimalizie na la kwangu. Mimi hukumu ya mgonjwa naifundisha kila mwaka. Kilichonizuia kula mchana haikuwa elimu. Nilikuwa naona haya: imamu mzima, watu watasemaje? Kumbe nilikuwa nafunga kwa ajili ya macho ya watu, na rukhsa ya Mola wangu nimeiacha mlangoni. Nilikula siku 6, nikazilipa Shawwal. Wallahi sijawahi kufunga siku nyepesi kama zile.

Dada yangu, na wote mlioko vitandani: rudini kwa daktari leo, msingoje kesho.

Allah awaponye wagonjwa wetu, na akubali saumu za waliofunga na udhuru wa walioshindwa. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenye mgonjwa nyumbani.