Samaki Niliyempiga Picha



Ndugu zangu wanafunzi, mwanzoni mwa likizo hii nilirudi nyumbani Gisenyi na simu yenye kamera nzuri. Sebuleni tuna tangi la kioo lenye samaki wanne wadogo wa ziwa Kivu, jamii moja na tilapia. Maji yalikuwa na ukungu na picha hazikutoka vizuri. Siku moja baada ya Adhuhuri nikayamwaga yote, nikasugua kioo, nikajaza maji ya bomba moja kwa moja.

Karibu na Magharibi maji yalikuwa yanang'aa, na samaki mmoja amepanda juu kabisa, mdomo wazi. Nikaona uzuri. Nikapiga picha mpaka nikakosa rakaa ya kwanza msikitini. Baadhi yenu mliiona kwenye kundi letu la WhatsApp na "Mashaallah" zikamiminika. Ni mdogo wangu aliyeuliza, "Kaka, mbona huyu anahema hivi?" Kabla ya Isha alikuwa amekufa, na mwenzake pia.

Maji ya bomba hutiwa klorini ili sisi tusiugue, lakini klorini hiyohiyo huunguza matamvua ambayo samaki hupumulia. Ningeyaacha ndooni siku nzima bila kifuniko, kisha nikabadilisha sehemu tu. Kuuliza kungenichukua dakika mbili.

Hadithi ya paka mnaijua, imo katika Bukhari na Muslim: mwanamke aliadhibiwa kwa paka aliyemfungia hadi akafa. Siku zote niliisikia kama habari ya watu wakatili. Lakini hatuambiwi kwamba alimpiga. Hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie. Ziwani samaki ana riziki yake, na maji yasiyomhitaji mtu wa kuyabadilisha. Ukimzungushia kioo, hayo yote yamehamia shingoni mwako.

Sisemi kufuga ni haramu. Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas, alikuwa na kindege chake, na Mtume (s.a.w.) alimuulizia habari zake. Hukumu ya picha nawaachia masheikh. Linalonitisha ni kwamba nilimtazama kiumbe robo saa nzima nisione kuwa anakata roho, kwa sababu nilikuwa nawawaza watakaomsifu. Riya tunaitafuta kwenye swala. Mimi nimeikuta kwenye tangi. Na Ramadhani, tunapowapanga wajane mbele ya kamera na mifuko ya futari mikononi, ni nani kati yetu hukumbuka baadaye uso hata wa mmoja wao?

Allah anisamehe. Wawili waliobaki bado nawapiga picha. Nazima taa ya sebule ili kioo kisiakisi, naegemeza simu kwenye kioo, bila flashi, bila kugonga. Kwanza natazama wanavyohema. Ndoo ya maji ya kesho iko uani tangu asubuhi, wazi.