Tairi Jipya Juu ya Mizigo



Bwana Wetu aliwaonya watu wanaotaka kuliokoa vazi lililochakaa kwa kulitia kiraka cha nguo mpya (Marko 2, 21). Fundisho hilo nilikuwa nikiwasomesha watoto miaka mingi. Nilikuja kulielewa barabarani.

Katika likizo moja ya Pasaka tuliwachukua vijana wetu kutoka Bunia kwenda kupiga kambi. Usiku wa kwanza tulale Bogoro, wa pili Kasenyi, kandokando ya Ziwa Albert. Wengi walitangulia kwa gari. Mimi nilifuata kwa pikipiki, nimepakia hema, sufuria, na mwanafunzi mmoja. Tairi la nyuma lilikuwa limekwisha, hata nyuzi zake zilionekana. Jipya nilikuwa nalo, lakini nilisema moyoni, “La zamani litafika, hili nilitunze.” Nikalifunga juu ya mizigo.

Njiani mpira wa ndani ukatoboka, nikautia kiraka. Tukaendelea kidogo, ukatoboka tena. Nikatia kiraka cha pili. Tulifika kambini usiku. Tulipokuwa tukiota moto, yule mtoto akaniuliza, “Mwalimu, mbona tairi jipya linabebwa, na hili lililochakaa ndilo linatubeba sisi?”

Sikuwa na jibu. Ziwa liko chini ya mji wa Bunia kwa mita zaidi ya 600, na kutoka Bogoro njia inateremka. Nami nilikuwa tayari kumteremsha mtoto wa watu juu ya nyuzi tupu, ili nisikitumie kitu nilichokwisha kukilipia!

Ndugu, tazameni mfano huo. Maondoleo ya dhambi Kristo amekwisha kuyalipia Msalabani kwa Damu yake. Padre yupo, Sakramenti ya Kitubio ipo. Nasi twasema, “Nitaungama sikukuu ijayo.” Twaibeba neema juu ya mizigo, na twasafiri na dhambi. Tena hatusafiri peke yetu: nyuma ya baba mlevi wamepanda mke na watoto.

Asubuhi tukaanza kazi. Mzee mmoja, fundi wa baiskeli, alikuja kutusaidia. Tulifungua gurudumu, tukatoa upepo wote, tukalibandua tairi kwa vyuma viwili. Nilitaka kuvisha jipya mara moja. Mzee akanishika mkono: “Mwanangu, pitisha kwanza vidole ndani.” Nikapitisha polepole juu ya chuma cha gurudumu, nikachomwa. Ncha ya spoki moja ilikuwa imechomoza kupita chuma, na ule ukanda wa kuifunika ulikuwa umekatika. Kumbe aliyetoboa mpira hakuwa msumari wa barabarani. Adui alikuwa ndani! Hata tairi jipya lisingetuokoa. Tuliisugua ncha ile kwa tupa, tukaweka ukanda mpya uliokatwa katika mpira mkuukuu, ndipo tukavisha tairi, mshale wake ukielekea upande wa mwendo.

Ndivyo ilivyo kuutafuta moyo kabla ya kuungama. Mtu aungama ugomvi, kesho agombana tena, na huwalaumu majirani. Na apitishe vidole ndani: labda atakuta wivu, au deni alilokataa kulipa. Ncha hiyo isipoondolewa, kila ungamo litakuwa kiraka juu ya kiraka. Majuto ya kweli yana kusudi la kuacha dhambi pamoja na nafasi zake.

Likabaki tairi kuukuu. Kijana mmoja mwenye pikipiki akataka kulinunua, alivishe la kwake. Fedha zilinivuta. Lakini ningewezaje kumwuzia ndugu yangu hatari niliyoikimbia mimi? Nikamkumbuka Mwenye Heri Floribert Bwana Chui wa Goma, aliyekagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa, asiruhusu chakula kilichoharibika kiwafikie watu. Akauawa Julai 2007, ana umri wa miaka 26. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Yeye alitoa uhai wake. Mimi niliombwa kuziacha fedha kidogo tu. Nikachukua kisu, nikalikata tairi vipande, watu wakapata nyayo za viatu.

Tuliteremka salama, na jioni tulisali Rozari ufukoni. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa Padre kuungama, maana nilikuwa na jambo nililolibeba juu ya mizigo tangu Krismasi.

Na wewe, msomaji mpendwa, usiku huu kabla ya kulala, pitisha vidole ndani ya moyo wako polepole. Utakapochomwa, usiuondoe mkono upesi. Ndipo penye kazi.

Maria, Kimbilio la wakosefu, utuombee. Amina.