Sauti Haipigi Hodi

Mtu akitaka kununua amplifaya ya nyumbani, dukani ataulizwa maswali mengi. Una bajeti ya shilingi ngapi? Spika unazo, au unataka seti nzima? Unataka yenye blututhi na sehemu ya kuchomeka flashi? Kuna swali moja ambalo huwa haliulizwi, na kwa maoni yangu ndilo lingepaswa kutangulia yote: unanunua ili usikilize, au unanunua ili usikike?

Lugha yetu imetupa vitenzi vitatu kutoka mzizi mmoja. Kusikia hakuna hiari, kwa sababu macho yana kope lakini masikio hayana. Kusikiliza ni uamuzi: mtu ametulia, ameelekeza moyo wake mahali. Kusikika ni jambo jingine kabisa, ni kutaka wengine wajue kwamba upo. Hakuna dhambi katika lolote kati ya hayo matatu. Tatizo linaanza pale kusikika kwangu kunapogeuka kuwa kusikia kwako kwa lazima.

Nimekuwa nikiliwaza jambo hili kwa sababu ya rafiki yangu, mwalimu anayeishi Chala, wilaya ya Nkasi, kwenye barabara itokayo Sumbawanga kwenda Namanyere. Ameuza mahindi, ametenga fungu la ada na la mbolea, na kilichobaki anataka kukimalizia kwenye muziki. Amechoka na sabufa. Anataka amplifaya ya stereo ya kipande kimoja, ile ambayo ndani ya boksi moja kuna sehemu ya kuchagua chanzo cha muziki na kurekebisha sauti, na sehemu ya kusukuma spika mbili. Akanipigia simu: "Kaka, wati ngapi zinatosha?"

Ni swali la kiufundi, basi tulijibu kiufundi kwanza. Spika nyingi za kawaida za nyumbani, ukizipa wati 1 tu, hutoa kama desibeli 87 ukiwa umbali wa mita 1. Mazungumzo ya watu wawili sebuleni ni kama desibeli 60. Maana yake wati ile ya kwanza tayari imeshapita sauti ya maongezi, hata ukikaa kwenye kochi lililo mita 3 kutoka kwenye spika. Ukiongeza wati mara mbili, kutoka 20 hadi 40, unapata desibeli 3 tu za ziada, tofauti ambayo sikio linaitambua lakini haliishangai. Ukitaka sikio liseme "sasa imekuwa kubwa mara mbili", inabidi wati ziongezeke mara 10 hivi. Kutoka 20 uende 200.

Ni kweli muziki una vilele. Ngoma inapopigwa kwa nguvu, amplifaya huhitaji akiba kubwa kwa kitambo kidogo, vinginevyo sauti itapasuka. Kwa hiyo wati 20 hadi 50 kwa kila upande, zikiwa za kweli, zinakitosha chumba cha mwalimu na akiba inabaki. Mwaka 1978 kampuni ya NAD ilitoa amplifaya ndogo iitwayo 3020, ya wati 20 kwa kila upande, haina madoido yoyote usoni, na ikawa moja ya zilizouzwa sana katika historia ya vyombo hivi. Walioinunua hawakulalamika kwamba hawasikii.

Sasa turudi kwenye zile 200. Kama 20 zinakutosha wewe uliyekaa kwenye kochi, zile 180 za juu ni za nani? Ni za nje. Ni za njia panda, za jirani wa kulia na wa kushoto, za mgonjwa aliye nyumba ya tatu. Unazilipia wewe, halafu wanazipokea watu ambao hawakuziagiza.

Wauza vyombo wanalijua hili kuliko wanafalsafa. Tazama boksi la sabufa yoyote ya bei rahisi: mbele limeandikwa maelfu ya wati kwa tarakimu nono, na pembeni yake herufi PMPO. Kipimo hicho hakina kanuni moja inayokubalika, kila mtengenezaji anakivuta anavyopenda. Geuza chombo chenyewe nyuma, kwenye kibandiko kidogo karibu na waya wa umeme, usome kinakula wati ngapi. Utakuta 60, labda 80. Chombo hakiwezi kutoa kwa mfululizo nguvu kuliko inayoingia. Hilo hata mtoto wa darasa la sita analielewa. Lakini uongo ule wa mbele unauzika, na unauzika kwa sababu mnunuzi wengi wetu hanunui muziki. Ananunua ukubwa.

Kero hii ina historia ndefu. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wetu wa kuhukumu, aliulaumu muziki kwa kukosa ustaarabu: unasambaa kwa majirani wasioutaka, akaulinganisha na mtu anayetoa leso yenye manukato mbele ya watu, wapende wasipende wakanusa. Alikuwa na sababu zake. Miaka michache kabla, alikuwa ameandika malalamiko kwa mkuu wa mji kuhusu wafungwa wa gereza la jirani waliokuwa wakiimba nyimbo za dini kwa sauti ya juu.

Msomaji wa kwetu anaweza kumcheka Kant, na ana haki. Huyu alikuwa kapera anayetembea kwa saa, anataka dunia inyamaze ili awaze. Sisi ni watu wa ngoma, wa vigodoro, wa kwaya. Hata mfano wake wa manukato ukiuleta pwani unageuka kichwa chini: Zanzibar au Lamu mgeni akiingia, kufukiziwa udi na kunyunyiziwa marashi ni heshima anayopewa. Harufu inayomkera Kant ndiyo sisi tunayomkaribishia mtu.

Na tuna ushahidi mwingine wa nguvu zaidi dhidi yake. Mwaka 1973 Redio Tanzania ilirusha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi, nchi nzima, kusikiliza vipindi na kujadiliana namna ya kuchimba vyoo, kuchemsha maji, kujikinga na malaria. Redio zilikuwa chache. Mwenye nayo akiipandisha sauti hadi mwisho hakuitwa msumbufu, aliitwa mwenzetu. Sauti kubwa ilikuwa sadaka. Angeiteremsha ili asikie peke yake, hapo ndipo angesemwa.

Kwa hiyo siwezi kusema sauti kubwa ni mbaya na sauti ndogo ni njema. Ingekuwa rahisi hivyo, NEMC na kanuni zake za kelele za mwaka 2015 zingemaliza kazi, sisi tukalala. Tofauti iko kwingine. Mgeni anayefukiziwa udi amebisha hodi, akaambiwa karibu. Kikundi cha Mtu ni Afya kiliitana, kikakaa. Hata mtambaji wa hadithi haanzi hivi hivi, anasema "Hadithi, hadithi!" na anangoja wasikilizaji wajibu "Hadithi njoo!" ndipo aendelee. Utamaduni huu tunaousifia kwa kelele zake, kumbe umejengwa juu ya ruhusa. Neno la mtu haliingii sikioni mwa mwenzake kabla ya kukaribishwa.

Sauti ya spika haipigi hodi. Inapita ukutani, inapita chini ya mlango, inaingia chumbani mwa watu wakiwa wamelala. Kwa kuwa yenyewe haina mdomo wa kuomba ruhusa, wajibu huo unamwangukia aliyeshika kitufe cha volyumu. Hilo ndilo jibu langu kwa swali la rafiki yangu, na ndiyo sababu namwambia kwamba idadi ya wati ni swali la maadili kabla ya kuwa la umeme.

Na Chala si mahali pa kulichukulia kirahisi. Ufipa ni nyanda za juu, pako wazi, na usiku ni baridi. Hewa ya chini ikipoa kuliko ya juu, sauti ambayo ingepotelea angani hupinda na kurudi ardhini, ikaenda mbali. Besi ndiyo haizuiliki kabisa: mawimbi yake ni marefu, ukuta wa tofali za kuchoma hauyatishi, na bati juu linatetemeka nayo. Katika nyumba nyingi za kupanga ukuta wa chumba haufiki hata darini. Jirani hasikii wimbo wako. Anasikia dum, dum, dum, bila maneno wala gitaa. Yaani unampa mifupa, nyama umebaki nayo.

Kuna atakayesema, mbona wenyewe wamezoea? Hawalalamiki. Lakini tazama kinachotokea ukiingia msiba mtaani. Hakuna anayesubiri mtendaji wa kata. Mwenye baa anazima, mwenye sabufa anazima, hata bodaboda anapita taratibu. Hakuna sheria aliyosomewa mtu. Wote wanajua kwamba nyumba ile ina maumivu, na muziki wa kwangu hauna haki ya kuingia humo. Basi ujuzi tunao. Tunachokosa ni kukumbuka kwamba kuna misiba midogo isiyotandikiwa turubai: mtoto mwenye homa, mwanafunzi wa kidato cha nne anayesoma kwa tochi ya simu, mlinzi aliyekesha anayetafuta usingizi saa nne asubuhi, mama aliyegombana na mumewe na anataka tu kukaa kimya. Hao hawawezi kututangazia. Na kwa kuwa hawatatutangazia, kunyamaza kwao tusikuhesabu kuwa ni karibu.

Je, basi mwalimu asinunue? Anunue, tena anunue nzuri. Hapa ndipo amplifaya bora inapoishinda sabufa kwa hoja ambayo wauzaji hawaitumii: chombo kizuri hukuruhusu kupunguza sauti bila kupoteza muziki. Chukua nyimbo za dansi zilizorekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam, za NUTA Jazz na baadaye Mlimani Park iliyoanzishwa 1978. Bendi ilipiga pamoja studioni, sauti za waimbaji zikiwa zimesogezwa mbele, kwa sababu watu walifuata maneno. Wimbo ulikuwa na kisa, una mtu aliyeachwa, una mjomba mlafi, una fumbo ambalo wasikilizaji walibishana nalo wiki nzima. Kwa wapenda fasihi, ile ni maktaba. Sabufa inaipandisha besi hadi inammeza mwimbaji, nawe ili umpate unaongeza sauti, na besi inapanda naye. Ni mbio zisizo na mwisho. Amplifaya safi yenye spika za wastani inakupa neno kwa neno, gitaa la rithimu kando ya gitaa la solo, huku mkeo akikuita kutoka jikoni na unamsikia.

Hapa lazima nijitahadharishe, maana upande wa pili nao una shimo lake. Stereo imepangwa kwa pembetatu: spika mbili na kiti kimoja katikati, na aliye kwenye kiti hicho peke yake ndiye anayeipata picha kamili ya sauti. Wapo watu duniani waliotumia maisha kukitafuta kiti hicho, wakabadilisha waya na vyombo, hadi wakawa hawasikilizi tena wimbo. Wanasikiliza amplifaya yao. Mtu wa namna hiyo hamkeri jirani, lakini pia hana jirani. Kama mwenye kupiga makelele amesahau kwamba wengine wana masikio, huyu amesahau kwamba wapo. Afadhali chumba chenye viti vinne na sauti isiyo kamili, watu wakasikiliza beti moja, wakasimamisha, wakabishana.

Nimemwambia rafiki yangu hivi. Wati 30 au 40 kwa kila upande, za kweli, zilizopimwa kwa mfululizo na si kwa PMPO. Iwe ya transista za kawaida ambazo fundi wa Sumbawanga anaweza kuzibadilisha. Awe na stabilaiza. Zulia chini na pazia nzito dirishani, kwa sababu chumba kitupu cha saruji kinaharibu sauti kuliko chombo cha bei rahisi. Spika zikae juu ya stendi, zisigusane na ukuta wa jirani.

Halafu, siku ya kwanza, akishamaliza kuunga waya, aweke wimbo anaoupenda kwa kiasi anachokipenda, saa tatu usiku. Auache ukipiga, atoke nje, azunguke hadi upande wa pili wa ukuta. Asimame pale kwenye baridi asikilize kinachofika. Kisha abishe hodi kwa jirani, amuulize.