Taka zetu nazo zina mizani

 

Leo nataka tuzungumzie dampo. Wapo watakaosema ukurasa huu ni wa dini, taka zinaingiaje hapa? Nami nawauliza: Sura ya 83 imeitwa Al-Mutaffifin, yaani wenye kupunja vipimo. Je, inawahusu wauza mchele na sukari peke yao? Sura hiyo inamkemea mtu ambaye akipimiwa hutaka kipimo kamili, lakini zamu yake ya kuwapimia wengine ikifika, hupunja. Tabia hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame, si dukani, bali kwenye milima ya taka pembezoni mwa jiji letu.

Taka za majumbani Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ni za kuoza: maganda ya ndizi na mihogo, mabaki ya wali na ugali, mboga zilizolala sokoni. Zikirundikwa kwa kina, hewa haipiti, na vijidudu vinavyozila huko chini hutoa gesi iitwayo methani. Gesi hii haionekani na yenyewe haina harufu. Kinachotunukia pale ni gesi nyingine. Lakini kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja ya methani huongeza joto duniani mara 28 hivi kuliko kilo moja ya hewa ukaa.

Basi inapimwaje? Wataalamu hufunika sanduku juu ya ardhi ya dampo na kuangalia gesi inaongezeka ndani yake kwa kasi gani. Njia nyingine ni hesabu. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2006, uliotolewa na jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, hutazama uzito wa taka, aina yake na kina cha dampo. Nimepiga hesabu kwa viwango vya mwongozo huo: tani moja ya mabaki ya chakula, ikitupwa kwenye dampo lisilosimamiwa lenye kina cha mita 5 au zaidi, hutoa kama kilo 40 za methani kadiri miaka inavyokwenda. Hiyo kwa joto ni sawa na zaidi ya tani moja ya hewa ukaa. Dampo likiwa la kina kifupi, ni nusu yake.

Mtaona kwamba yote yanaanzia kwenye uzito. Penye dampo pasipo mzani, hesabu hufanywa kwa tripu. Gari lililojaa pomoni na gari lililojaa nusu, yote ni tripu moja. Hesabu iliyojengwa juu ya msingi huo, hata ikiandikwa kwa kompyuta, ni kukisia tu.

Tunao mfano hapa hapa Temeke. Dampo la Mtoni lilianza kupokea taka za jiji baada ya lile la Vingunguti kufungwa mwaka 2001. Mwaka 2007 mradi wa kuvuna gesi ya Mtoni uliandikishwa chini ya Itifaki ya Kyoto, ukiwa mradi wa kwanza wa Tanzania katika mpango ule ambao nchi tajiri zilinunua upunguzaji wa gesi kutoka nchi maskini. Kilicholipiwa pale ni tani iliyopimwa. Gesi isiyopimwa haikuwa na bei.

Na hapa ndipo Al-Mutaffifin inapotugusa. Anayeuza upunguzaji wa gesi anashawishika kukuza kipimo ili alipwe zaidi. Mtu huyo huyo akiulizwa amechafua kiasi gani, anashawishika kukipunguza. Kupokea kwa kujaza, kutoa kwa kupunja! Tofauti na duka la mchele ni kwamba bidhaa hii haionekani, na mnunuzi hawezi kuipima tena kwa mkono wake. Kwa hiyo uaminifu wa mpimaji ndio kila kitu.

Wapo wanaosema, "Wazungu ndio waliochafua dunia, sisi tupime nini?" Ni kweli kwamba mchango wetu ni mdogo sana ukilinganisha na wao. Lakini atakayedai haki yake mbele ya kadhi bila ushahidi hurudi mikono mitupu. Na anayeumia kwanza ni jirani wa dampo, si Mzungu.

Watu wa Tabata walilijua hilo. Walikwenda mahakamani kupinga dampo na moshi wake, na mwaka 1991 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akakataa kuiongezea muda Halmashauri ya Jiji, akilihusisha suala hilo na haki ya kuishi iliyomo katika Katiba. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani, Kinondoni. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani. Dampo likaendelea kuhama hadi Pugu Kinyamwezi. Dhara iliyohamishiwa kwa jirani mwingine haijaondolewa. Na Agosti 2024, dampo la Kiteezi kule Kampala liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30 waliokuwa wakiishi na kufanya kazi kando yake.

Tufanye nini? Tuanze na misikiti yetu. Futari za Ramadhani, walima na Idi huacha mabaki mengi, na Qur'an imetukataza israfu. Kamati ya msikiti inunue mzani mmoja wa sokoni, ipime mabaki kwa wiki nzima na kuyasoma matokeo baada ya swala ya Ijumaa. Naamini wengi watapunguza pakuli bila kuhubiriwa. Mabaki yatengwe na plastiki, yapewe wafugaji au yafanywe mboji, kwani yakigeuzwa na kupitiwa na hewa methani huwa kidogo sana. Kinondoni imekwisha onyesha njia kwa kiwanda cha mboji cha Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, Ujerumani.

Kisha, kwenye mkutano wa mtaa, tumuulize diwani maswali matatu. Taka zetu zinapimwa kwa mzani? Vipimo vinaandikwa? Wananchi wanasomewa?

Tunaamini kwamba Siku ya Hukumu hata uzito wa chembe utaonekana. Mwenye imani hiyo hawezi kusema kwamba gesi haimhusu kwa kuwa haioni. Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza vipimo, na awahifadhi wanaoishi na watoto wao kando ya taka zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.