WAYA NDANI YA BAWA

Luka 12:1–3



Sisi tuliokulia Kigoma tulisimuliwa habari za Juni 1916, ndege za majini za Wabelgiji zilipovuka ziwa na kuangusha mabomu bandarini, zikiitafuta meli ya Wajerumani, Götzen, ambayo tangu 1927 huitwa Liemba. Ndege hizo zilitoka Uingereza zimefungwa katika makasha, zikaunganishwa ng'ambo, upande wa Kongo. Mabawa yake yalikuwa ya mbao na kitambaa.

Siku hizi wako watu wanaojiundia ndege ndogo nyumbani kwao. Mjukuu wetu, fundi wa umeme, alitueleza wanavyotia taa: nyekundu kwenye ncha ya bawa la kushoto, kijani la kulia. Waya hupitishwa kabla bawa halijafunikwa, katika matundu ya mbavu zake. Kila tundu la bati huwekewa pete ya mpira, maana ndege hutetemeka, na ukingo wa bati huusugua waya kidogo kidogo hata ngozi yake iishe. Kisha waya hufungwa usichezecheze, hupimwa, hukaguliwa, ndipo bawa hufunikwa. Abiria hataiona pete ile kamwe.

Tulicheka tukisema mambo ya ndege yatuhusu nini, nasi hata baiskeli yatushinda. Kisha tukanyamaza.

Maana kanisa letu lilipokuwa likitiwa umeme, mafundi waliuliza kama wamngojee mkaguzi kabla ya kupiga lipu. Wazee wa kanisa walisitasita. Sisi ndio tuliosema, pigeni lipu, Askofu anakuja kutoa Kipaimara, asikute kuta zimechimbwa. Sisi, tuliofundisha walimu miaka mingi kwamba andalio la somo hukaguliwa kabla ya kuingia darasani!

Someni tena sura ile. Watu walikuwa maelfu, wakikanyagana, na hapo ndipo Bwana alipoonya juu ya chachu, kitu kinachokaa ndani ya donge kisionekane. Tena aliwaambia kwanza wanafunzi wake. Sisi tulizoea kudhani maneno yale ni ya Mafarisayo.

Tumekwisha kumwomba Mchungaji radhi. Jumamosi saa mbili asubuhi lipu ya ukuta wa nyuma ya madhabahu itabanduliwa, waya zikaguliwe. Yamkini Askofu atakuta mashimo. Wenye patasi na nyundo waje nazo. Kifusi tutabeba sisi.