Je, Mkristo Aweza Kupasuliwa Tumbo ili Apungue Mwili?

Masomo: Luka 14:28-30, 1 Wakorintho 6:19-20



Bwana wetu alipowafundisha makutano gharama ya kumfuata, aliwapa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Asipopiga hesabu mapema, ataweka msingi, fedha zitamwishia, na wapita njia watamcheka. Sisi wa Ufipa twaufahamu mfano huu bila kuelezwa. Ukitoka mjini Sumbawanga kwenda Laela au Namanyere utaona misingi ya nyumba iliyoota nyasi, na kando yake rundo la tofali mbichi ambazo mvua imezirudisha kuwa udongo.

Nataka kuutumia mfano huo kwa jambo ambalo wazee wetu wa kanisa hawakupata kuulizwa, lakini mimi nimeulizwa na washarika zaidi ya mmoja. Mmoja wao ni mama mwenye kisukari na presha. Magoti yamemchosha hata hawezi tena kupiga magoti kwenye meza ya Bwana. Anapokea Komunyo akiwa ameketi. Wanawe walioko Dar es Salaam wamemwambia kwamba wako tayari kuchanga ili apasuliwe tumbo, apungue mwili. Ameniuliza: “Mchungaji, ni dhambi?”

Kwanza tujue jambo lenyewe ni nini. Katika miaka hii ya 2020 Hospitali ya Taifa Muhimbili, kule Mloganzila, imekuwa ikitoa huduma kwa watu wenye uzito uliozidi sana. Iko njia ya puto: mgonjwa hutiwa puto katika mfuko wa chakula kwa kupitia kinywani, likajazwa maji, likakaa miezi kadhaa, kisha likatolewa. Hapo hakuna kisu. Iko na njia ya kisu, nayo ni ya namna mbili hasa. Katika namna ya kwanza, waganga hukata na kuondoa kama robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi, kinachobaki kikawa chembamba kama ndizi. Katika namna ya pili hufanya kifuko kidogo kiasi cha yai, wakakiunganisha na utumbo mwembamba, chakula kikapita njia ya mkato. Puto hutolewa, lakini sehemu ya mfuko iliyokatwa hairudishwi.

Wako wanaosema kwamba kwenda kupasuliwa ni upungufu wa imani, na kwamba huyo mama angefunga na kuomba tu. Sikubaliani nao. Mfalme Hezekia aliomba, naye Mungu akamwahidi miaka 15 zaidi. Hata hivyo Isaya aliagiza dawa ya tini iwekwe juu ya jipu lake (2 Wafalme 20:1-7). Ahadi na dawa vilitoka kwa Mungu yule yule. Kosa la Mfalme Asa (2 Mambo ya Nyakati 16:12) ni kwamba aliwaendea waganga na kumwacha Bwana nje ya mlango. Tena majirani zetu Wakatoliki wana katika Biblia yao kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho sura yake ya 38 yaagiza tabibu aheshimiwe, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka. Sisi Waanglikana, kwa Kanuni ya 6 kati ya zile 39, twaruhusiwa kukisoma kitabu hicho kwa mafundisho ya maisha, ijapokuwa hatujengi juu yake fundisho la imani.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Hospitali ya Dkt. Atiman hapa mjini yaitwa kwa jina la Adrien Atiman, mtoto aliyekombolewa utumwani na Mapadre Weupe, akasomea uganga katika kisiwa cha Malta, akaja Karema kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo alitibu watu na kufundisha katekisimu kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Mkono ulioshika dawa ndio uliokuwa ukifundisha ishara ya msalaba, na sijasikia mtu wa mwambao ule akisema kwamba mkono mmoja uliupinga mwingine.

Basi kupasuliwa si dhambi kwa sababu tu ni kupasuliwa. Lakini nyuma ya swali la mama huyu liko swali jingine ambalo hakulitamka: je, unene wake wenyewe ni dhambi? Hapa yatupasa tuseme kwa uangalifu, maana wahubiri wengi hupenda kulipiga jambo hili kwa rungu. Ulafi ni dhambi. Maandiko yasema hivyo. Lakini ulafi haupimwi kwa mizani ya zahanati. Namjua mtu mwembamba kama fito ambaye kila mavuno huuza magunia, akanywa fedha yote kilabuni huku watoto wakila ugali kwa chumvi. Hakuna aliyepata kumhubiria juu ya tumbo. Tena waganga wamegundua kwamba mwili ukishazoea uzito mkubwa huupigania: mtu akijinyima, njaa huongezeka na mwili hutumia chakula kwa ubahili, hata uzito unarudi. Ndiyo maana wengi hupungua kilo kumi wakati wa Kwaresima, na kufika Pentekoste zimerejea zote. Anayemwambia mtu huyo “jitahidi tu” hajui anachokisema. (Na kwa kuwa nimetaja Kwaresima: kufunga ni kwa ajili ya toba na sadaka. Msifanye Jumatano ya Majivu kuwa siku ya kwanza ya kupunguza kiuno.)

Liko pingamizi jingine, nalo lina uzito zaidi kwangu. Mkoa wetu wa Rukwa hulisha watu wengi kwa mahindi yake, lakini uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wetu walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza: yawezekanaje katika mkoa wa namna hii tutumie mamilioni kumpunguza mtu mmoja? Ni swali la haki. Ila nadhani limewatenga watu ambao hawako mbali. Sayansi imeonyesha kwamba mtoto aliyekosa lishe tangu tumboni mwa mamaye yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari na ugonjwa wa moyo akiwa mtu mzima. Huenda mama mnene wa leo ndiye mtoto mwenye njaa wa jana. Na mama huyu akipata kiharusi, wajukuu anaowalea ndio watakaokosa uji.

Sasa tuketi tupige hesabu, kama Bwana alivyoagiza.

Hesabu ya kwanza ni kama wahitaji kweli. Waganga hupima uzito kwa kilo, wakaugawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye urefu wa mita 1 na sentimita 60 akiwa na kilo 103, jibu lake ni 40 na kidogo. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kwamba apasuliwe mwenye 40 au zaidi, au mwenye 35 akiwa na ugonjwa kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huo vilishusha mipaka: 35 hata pasipo ugonjwa mwingine, na 30 kwa baadhi ya wenye kisukari. Dada anayetaka kiuno chembamba kwa ajili ya gauni la arusi hayumo katika hesabu hii, nami namsihi aiache.

Hesabu ya pili ni hatari. Mshono waweza kuvuja. Damu yaweza kuganda mguuni na kupanda mapafuni. Katika hospitali zenye uzoefu wanaokufa ni wachache, yapata mtu 1 katika 1,000. Ni wachache, lakini kila mmoja ana jina lake na watu wake. Muulize daktari bila haya: umewapasua wangapi? Walipatwa na nini? Aliyezoea kazi yake hachukii kuulizwa.

Hesabu ya tatu ndiyo ambayo wengi huisahau, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Kisu ni cha saa chache, lakini yanayofuata ni ya maisha. Majuma ya kwanza ni vinywaji tu, kisha vyakula laini, kisha chakula cha kawaida kwa vijiko vichache, kilichotafunwa sana. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Nyama, samaki, mayai na maharage hutangulia, na ugali ukaja nyuma, kama nafasi ingalipo. Sukari nyingi yaweza kumletea aliyepasuliwa jasho, kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Pombe humpanda upesi zaidi kuliko zamani, na wako walioangukia ulevi baada ya upasuaji ambao kabla yake hawakuwa walevi. Mwanamke asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Tena ni lazima kumeza vitamini na madini siku zote za uhai: chuma, chokaa ya mifupa, vitamini D, na vitamini B12, ambayo mara nyingine hutolewa kwa sindano. Mwenye kuacha aweza kupata upungufu wa damu, na hata kuharibika kwa mishipa ya fahamu. Na damu yake ipimwe mara kwa mara.

Hebu fikirini maneno hayo mkiwa hapa Sumbawanga. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Nauli ya kurudi kupimwa, nani atailipa mwaka wa tatu? Vidonge vikikosekana katika duka la dawa, nani atavituma? Watoto huchanga kwa furaha fedha ya operesheni, maana ni jambo kubwa lenye kuonekana. Fedha ya vidonge vya mwaka wa saba haina sherehe. Kwa hiyo nimemwambia yule mama awaulize wanawe juu ya huo mwaka wa saba kabla ya kuwaulizia siku ya operesheni. Huo ndio mnara. Msingi wake ni rahisi kuliko paa.

Tusihesabu gharama tu bila faida. Kule Uswidi ulianza uchunguzi mwaka 1987, wakafuatiliwa watu zaidi ya 4,000, karibu nusu yao wakiwa wamepasuliwa. Taarifa ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba vifo vilikuwa vichache zaidi miongoni mwa waliopasuliwa. Wengi hupungua robo ya uzito wao; mwenye kilo 120 huenda akabaki na 90, asitazamie kuwa msichana wa miaka 20. Kisukari cha wengi hutulia hata dawa zikapunguzwa au kuachwa, ingawa kwa wengine hurejea baada ya miaka. Magoti hupata nafuu. Ziko na sindano mpya za kupunguza hamu ya chakula, lakini ni ghali, na mtu akiziacha uzito huelekea kurudi. Za kuogopa ni zile chai na vidonge vya “kukata tumbo” vinavyouzwa sokoni na kwenye mabasi bila mtu kujua kilichomo. Na anayeambiwa kwamba amenenepeshwa kwa kurogwa, akumbuke kwamba jina la mji wetu husemwa kuwa lamwagiza autupe uchawi.

Aliyepiga hesabu zote hizo akaamua kwenda, kanisa limwekee mikono na kumpaka mafuta, kama Yakobo alivyoagiza katika sura ya 5, sawasawa na tunavyofanya kwa mwenye kupasuliwa henia. Aliyepiga hesabu akaamua kubaki na dawa zake, kutembea kwake na kupunguza mafuta na sukari, yeye naye aombewe vile vile. Mwili wake ni hekalu katika njia zote mbili, wala hekalu halianzi kuwa hekalu siku linapopungua upana.

Limebaki jambo moja, nalo lawahusu ninyi mlio wazima. Kwetu mtu akinenepa twamsifu kuwa amenawiri, na akipungua twanong'ona. Tangu miaka ya 1980, ukimwi ulipokuja, wembamba wa ghafula umekuwa kama hati ya mashtaka. Uganda waliuita ugonjwa wenyewe kwa neno la Kiingereza la wembamba. Aliyepasuliwa atapungua upesi, nguo zitamning'inia, nywele zaweza kunyonyoka kwa miezi kadhaa. Mama yule aliniambia kwamba kisu hakimwogopeshi sana kama kisima. Alimaanisha kisima cha maji, ambapo wanawake huzungumza. Umoja wa Akina Mama wanaweza kulimaliza jambo hilo kwa juma moja wakitaka, kwa kukataa kulibeba.

Na kwenye arusi na matanga, mnapogawa chakula, msimlazimishe mtu sahani ya pili kwa jina la ukarimu, wala msimchukie aliyeacha ugali. Akisema vijiko vitatu vimemtosha, vimemtosha. Mletee maji baadaye, chakula kikisha kushuka, mkae mzungumze.